Pazia la maua lina bei mbili

Chukua sebule ya nyumba mpya Nyankumbu, mjini Geita. Madirisha manne, kila moja upana wa mita 1.5, na mwenye nyumba anataka pazia lishuke mita 2.3 hadi karibu na sakafu. Fundi akiongeza sentimita 30 za pindo la juu na la chini, kila kipande kinakuwa mita 2.6. Kwa kitambaa cha upana wa mita 1.5, dirisha moja linahitaji vipande viwili ili pazia likae na mikunjo. Vipande vinane ni mita 20.8.

Hiyo ni hesabu ya rangi moja. Mwenye nyumba akibadili mawazo akachagua maua makubwa, yanayojirudia kila baada ya sentimita 64, fundi hawezi tena kukata popote. Kila kipande lazima kianzie mahali palepale pa ua, la sivyo maua ya kushoto yatapishana na ya kulia. Sasa kila kipande kinakula mita 3.2, isipokuwa cha mwisho, na jumla inafika mita 25. Mita 4.2 zimebaki mezani kwa fundi. Zikipata bahati zitakuwa foronya za mito ya makochi. Dukani vitambaa vyote viwili vinaweza kuuzwa kwa bei ileile ya mita. Vikishatundikwa, cha maua kimegharimu moja ya tano zaidi.

Hesabu hii ina uzito katika ukanda ambao nyumba zinaota kila msimu. Sensa ya 2022 ilikuta mkoa wa Geita una watu karibu milioni 3, na Shinyanga zaidi ya milioni 2.2. Mgodi wa Geita wa AngloGold Ashanti unachimba tangu 2000, na Bulyanhulu, ulio jirani na Kahama, ulianza uzalishaji mwaka uliofuata. Mgodi wa Buzwagi, nao wa Kahama, ulifungwa 2021, lakini mji haukusimama. Kahama ni mji wa barabara, mchele na wafanyabiashara, nao haukuwahi kutegemea shimo moja.

Tatizo la muuza mapazia ni kwamba fedha za huku haziingii kwa mpangilio. Mwajiriwa wa mgodini ananunua mwisho wa mwezi. Mkulima wa pamba ananunua msimu ukifunguliwa, kuanzia mwezi wa tano. Mchimbaji mdogo wa Rwamgasa au Nyarugusu ananunua duara lake, yaani shimo la dhahabu, likitema, na hakuna ajuaye litatema lini. Tangu soko la dhahabu la Geita lifunguliwe Machi 2019, anayeuza gramu zake anatoka na fedha halali mkononi, maduka yakiwa mji uleule. Mteja wa namna hiyo hataki kusubiri mzigo kutoka Kariakoo. Anataka kilichopo, na mara nyingi anataka kinachoonekana.

Kwa hiyo duka linalazimika kuweka majora ya maua, na hapo ndipo hatari ilipo. Jora la krimu au la kijivu lisipouzwa mwaka huu, mwakani litauzwa. Ua lililokuwa likigombewa Desemba linaweza kudorora ifikapo Pasaka. Likibaki mita tisa halitoshi sebule ya mtu, na kiwanda cha China kilichochapa mchoro huo huenda kimeshahamia mwingine. Hasara ya mabaki hayo analipa mnunuzi wa ua linalofuata. Sioni wizi hapo, ndivyo biashara inavyojilinda, lakini mnunuzi anapaswa kujua analipia nini.

Wenye gesti na lodge walilielewa jambo hili zamani. Chumba namba sita pazia likiungua kwa pasi au likichanika, rangi moja inapatikana tena, au angalau inayofanana nayo. La maua likipotea, vyumba vyote vinaonekana vimeshonewa viraka.

Maua nayo yana utetezi wake, na katika nchi hii ya vumbi ni utetezi mzito. Katoro wakati wa kiangazi, pazia la rangi moja linaonyesha alama ya kila mkono ulioligusa. Linaonyesha pia mshono uliopinda, ndiyo maana fundi anayejifunza hupenda maua: yanamfichia. Jua la Shinyanga halibembelezi. Rangi moja iliyokoza, kama damu ya mzee au bluu ya usiku, ikitundikwa dirisha la magharibi hupauka kwenye kingo za mikunjo kwanza, na mistari hiyo haifichiki. Ua dogo lililotawanyika hupauka kimyakimya, na kwa kuwa linajirudia baada ya sentimita chache tu, halipotezi kitambaa. Polista huvumilia jua kuliko pamba, ingawa bitana ya nyuma hufanya kazi kubwa kuliko aina ya uzi.

Pamba yenyewe ni habari ya kuudhi. Shinyanga na jirani yake Simiyu ni kitovu cha pamba ya Tanzania, lakini sehemu kubwa huchambuliwa na kuondoka nchini ikiwa marobota. Dirisha la mkulima linafunikwa na polista iliyovuka bahari.

Mtumba ni njia nyingine, nzuri kwa mpangaji wa chumba na sebule. Kitambaa mara nyingi ni kizito na kimeshonwa na bitana yake. Ila mtumba huja jozi mojamoja, na ukiwa na madirisha matatu ua la tatu hulipati popote. Hapo rangi moja inashinda bila ubishi, kwa sababu krimu mbili zilizotofautiana kidogo zinaweza kukaa kuta mbili tofauti bila mgeni kugundua.

Ushauri wangu kwa mnaojenga sasa: madirisha ya sebule yapeni rangi moja ya kati, isiyokoza wala kung'aa mno. Hamu ya maua imalizieni kwenye pazia la mlangoni, ambalo ni kipande kimoja na halilingani na lolote. Kama kuna kitambaa cha upana wa mita 2.8, kichukueni. Upana wake unakuwa urefu wa pazia, kinakatwa kwa kulazwa, na dirisha la mita 1.5 linatosheka na mita tatu bila kuungwa. Na kabla ya kulipia la maua, kunjueni jora mezani, mpime kwa futi kamba kutoka ua moja hadi linalofanana nalo. Ikizidi sentimita 30, fundi apige hesabu ya mita kwanza, ndipo mjadiliane bei.