Umelipa, lakini je, gemu ni yako?

UKIINGIA kwenye kibanda cha pleisteshen mtaani, biashara ni wazi. Unatoa pesa, unapewa pad, unacheza mechi yako na muda ukiisha unampisha mwenzako. Umefungwa tano bila jibu? Shauri yako. Hakuna aliyekuambia kwamba mashine ile ni yako.

Sasa toka hapo uende kwa duka la mtandaoni. Unabonyeza "nunua", pesa zinakatwa, gemu inaingia. Umenunua, sivyo? Pole pole. Mara nyingi ulicholipia ni ruhusa ya kucheza tu, na ruhusa hiyo ina mwenyewe.

Chukua mfano wa The Crew, gemu ya mbio za magari ambayo kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa iliitoa Desemba 2014. Ilihitaji intaneti kila wakati, hata ukiwa unaendesha gari peke yako. Machi 31, 2024, Ubisoft ilizima seva zake. Hata aliyekuwa na diski mkononi alibaki na kipande cha plastiki. Hasira za wachezaji zilizaa kampeni ya Stop Killing Games, iliyoanzishwa na Ross Scott, Mmarekani anayetengeneza video za YouTube. Julai 2025, ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilivuka sahihi milioni moja. Nalo jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2024 inayoyazuia maduka ya kidijitali kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapewa leseni.

Huenda unasema, "Mimi hayo hayanihusu, nacheza gemu za bure kwa simu." Sawa, lakini bure na huria ni vitu viwili. Gemu ya bure inakulipisha kwa matangazo, kwa bando na kwa zile sarafu zake za kununua, na mwenyewe anaweza kuifunga kesho. Gemu huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani yamewekwa wazi, ukaruhusiwa kuitumia, kuinakili, kuibadilisha na kumpa rafiki. Ukiwa na nakala yako, hakuna wa kuja kukunyang'anya. Jaribu SuperTuxKart ukipenda mbio za magari, au The Battle for Wesnoth ukipenda vita vya kupanga mbinu. Zote unazicheza bila intaneti baada ya kuzipakua.

Usidhani shida hii ni ya mashine peke yake. Iko hadi kwenye michezo ya karatasi na kalamu. Dungeons & Dragons, iliyotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ilitoka mwaka 1974. Mnaketi mezani, mmoja anasimulia, wengine kila mtu ana mhusika wake, na dadu inaamua kama umeruka ukuta ama umeanguka mtaroni. Tangu mwaka 2000 kulikuwa na leseni iliyoruhusu watu wengine kutunga na kuuza vitabu vyao kwa kutumia kanuni zake. Watu walifungua biashara na kuajiri wasanii wakitegemea leseni hiyo.

Kisha Januari 2023 ikavuja rasimu ya leseni mpya ya Wizards of the Coast, kampuni inayomiliki mchezo huo. Waliouza zaidi ya dola 750,000 kwa mwaka wangetakiwa kutoa hadi robo ya mauzo yaliyozidi kiwango hicho. Wachezaji walikuja juu, wengi wakafuta usajili wao wa kulipia mtandaoni. Kabla mwezi kuisha kampuni ilirudi nyuma, ikaziweka kanuni za msingi chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo haiwezi kufutwa.

Hiyo ina maana gani kwako? Kwamba leo unaweza kupakua kanuni hizo bila kulipa, ukatunga hadithi yako ya jini aliyejificha kwenye ghala la Kilindini, ama wezi wa usiku katika vichochoro vya Lamu, ukaiuza, mradi tu utaje ulikotoa kanuni. Huna dadu ya pande 20? Tumia ya simu. Stima ikipotea, washeni mshumaa muendelee.

Lakini kwangu, jambo zito zaidi ni la wale wanaotaka kutengeneza gemu wenyewe. Hapa haupotezi mia mbili za gemu, unapoteza miaka ya kujifunza. Septemba 2023 kampuni ya Unity, ambayo programu yake inatumiwa na watengenezaji wengi wa gemu duniani, ilitangaza kwamba wakifikisha kiwango fulani cha mapato na cha mara ambazo gemu imewekwa kwenye mashine, itawatoza ada kila mara gemu inapowekwa kwenye mashine mpya. Watu walikuwa tayari wameingia, gemu ziko nusu, na bei inabadilishwa wakiwa ndani ya matatu. Kelele zikawa nyingi, kampuni ikalegeza masharti, na mwaka mmoja baadaye ikaifuta ada hiyo kabisa. Hata hivyo wengine hawakusubiri. Walihamia Godot, programu huria iliyoanzia Argentina na ambayo iko wazi tangu 2014. Haina ada wala asilimia ya mauzo yako, na haifiki megabaiti 200 kupakua. Laptopu ya mtumba inaweza kutosha kwa gemu ndogo ya kwanza.

Na tafadhali, asikwambie mtu kwamba programu huria ni mambo ya ng'ambo. Ushahidi ilizaliwa hapa Kenya mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ili wananchi watume ripoti za yanayotokea walipo zionekane kwenye ramani. Kwa kuwa iko huria, mwaka 2010 ilitumika kusaidia Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Mimi sikuambii uache gemu za kulipia. Gemu huria haitakupa jezi rasmi ya Arsenal wala sura ya Mbappé, na nyingine zina michoro ya kizamani. Furaha ya kumfunga jirani dakika ya 90 kibandani pia ina bei yake, na ni halali ukijua unachokilipia.

Kwa hivyo kabla hujatoa pesa, jiulize maswali matatu. Je, gemu hii inafunguka bila intaneti? Kampuni ikifunga ofisi, nitabaki na nini? Na je, masharti yanaweza kubadilishwa nikiwa tayari nimeingia? Majibu yakikutisha, hesabu umekodi, ulipe bei ya kukodi. Usitoe akiba ya miezi mitatu kwa kitu cha kukodi.

Kwa zana ya kujifunzia kazi, kuwa mkali zaidi. Ujuzi ni shamba lako. Ukilima kwenye ardhi ya mtu, mwenye ardhi akiamka vibaya siku moja, utang'oa mahindi yakiwa mabichi. Anza na zana ambayo hakuna anayeweza kukufungia mlango, kisha ukipata kazi kwenye kampuni inayotumia ya kulipia, wao ndio watalipa.

Wikendi hii, kama una bando kidogo, pakua moja tu. Kisha zima data, uone ni gani kati ya gemu zako itakayoendelea kukufungukia.