Nani Analipwa kwa Jumapili Yako?

Ndugu wafanyakazi,

Kahawa iliyochumwa haingoji Jumatatu. Mashine ya kumenyea ikiharibika Ijumaa wakati wa mavuno, kiwanda humwita mkandarasi aje na watu wake Jumamosi na Jumapili. Ndivyo ilivyo upande wa Muyinga. Gitega nako, tangu mji huo ufanywe mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, wenye majengo wana haraka. Basi tuelewe mkandarasi anavyomdai mteja wake kwa siku hizo.

Njia ya kwanza ni kuhesabu siku za watu. Tuseme kibarua analipwa faranga 10,000 kwa siku. Mkandarasi huongeza, tuseme, 4,000 kwa vyombo, usafiri, ofisi na faida yake. Mteja anadaiwa 14,000. Ikifika Jumapili, mkandarasi huandika mara mbili: 28,000. Mteja hulipa, kwa kuwa anaambiwa watu wameacha mapumziko yao.

Sasa piga hesabu. Ukipewa 10,000 ya kila siku, 18,000 zimebaki kwa mkandarasi. Lakini koleo halikuongezeka bei Jumapili, wala ofisi. Kilichoongezeka ni jasho lako. Akikulipa 20,000 bado anabaki na 8,000, mara mbili ya siku nyingine. Kwa hiyo asiseme kwamba haki yako itamfilisi.

Njia ya pili ni bei ya mkupuo kwa kazi nzima. Hapo Jumapili haionekani kwenye hesabu. Uliza: nani ametaka tufanye kazi Jumapili? Kama mteja ana haraka, aongeze yeye. Kama mkandarasi alichelewa, hasara ni yake. Mfanyakazi si mwenye kosa kwa vyovyote, na hawezi kulipia haraka ya mwingine.

Ndugu, mapumziko si zawadi. Mkataba namba 14 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1921, unataka mfanyakazi wa viwandani apumzike saa 24 mfululizo katika kila siku saba. Burundi nayo ina Sheria ya Kazi ya tarehe 24 Novemba 2020.

Kwa hiyo fanyeni hivi:

1. Ulizeni malipo ya Jumapili kabla ya kushika chombo, na muulize kwa pamoja.

2. Ulizeni pia siku gani mtapumzika badala yake.

3. Andikeni katika daftari tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza na majina ya waliokuwapo. Msimamizi atie sahihi.

4. Mkipunjwa, pelekeni daftari kwa mjumbe wa wafanyakazi, kisha kwa Mkaguzi wa Kazi.

Mtu mmoja akilalamika huambiwa asirudi kesho. Kikundi kizima chenye daftari moja hakifukuzwi kwa urahisi, kwa maana mashine bado imesimama na kahawa inaharibika.

Umoja ni nguvu.