Tasbihi za Kibudha: Shanga 108, maana yake na tahadhari kwa wafanyabiashara wa mpakani

UKIPITA kwenye maduka ya urembo ya Kariakoo, Nairobi au Kampala, si ajabu kukuta bangili za shanga za mbao zimepangwa pamoja na hereni na mikufu. Nyingine zina kichwa kidogo cha Budha, nyingine zina kifundo chenye nyuzi zinazoning'inia. Wauzaji wengi huziita bangili za Kichina. Mteja akiuliza ni za nini, hujibiwa kuwa zinaleta bahati.

Kwa aliyezitengeneza, jibu hilo halitoshi. Shanga hizo ni tasbihi, kama ilivyo tasbihi ya Mwislamu au rozari ya Mkatoliki. Mfanyabiashara anayezinunua kwa jumla Guangzhou au Yiwu na kuzivusha Namanga, Busia au Rusumo ana sababu mbili za kuzifahamu. Kwanza, mteja anayejua thamani ya kitu hulipa zaidi na hurudi. Pili, baadhi ya malighafi zinazotumika kutengenezea tasbihi na mapambo hayo zimewekewa masharti ya kimataifa, na kosa moja linaweza kumgharimu mtu mzigo wote, au uhuru wake.

Kwa nini 108?

Tasbihi kamili ya Kibudha ina shanga 108. Desturi hii ilianzia India, ambako Wahindu nao hutumia idadi hiyohiyo, kisha ikasafiri na dini ya Budha hadi Tibet, China, Korea na Japani. Kwa Kisanskriti huitwa mala, na Wajapani huiita juzu.

Maelezo ya idadi hiyo ni mengi, lakini moja hutajwa zaidi. Binadamu ana milango sita ya hisia, kwa kuwa Wabudha huongeza akili juu ya ile mitano. Kila mlango huleta hisia ya raha, ya karaha au isiyo na upande. Kila hisia yaweza kuwa safi au yenye uchafu wa tamaa, na yaweza kuwa ya jana, ya leo au ya kesho. Sita mara tatu mara mbili mara tatu ni 108, yaani mivuto 108 inayomsumbua mtu moyoni. Ndiyo maana mahekalu ya Japani hupiga kengele mara 108 usiku wa kuamkia Mwaka Mpya.

Watibeti wana hesabu nyingine ya vitendo. Mzunguko mmoja wa tasbihi huhesabiwa kuwa sala 100 tu. Nane zinazobaki ni za kufidia pale mtu alipokosea au mawazo yalipohama. Mfanyabiashara anayeongeza vipande vichache kwenye dazeni ili mteja asipunjwe ataielewa hesabu hiyo bila shida.

Bangili fupi nazo hazikukatwa ovyo. Zenye shanga 54, 27 au 18 ni nusu, robo na sehemu ya sita ya 108. Bangili ya kiwandani mara nyingi haifuati hesabu, hujazwa shanga mpaka itoshe mkono. Hilo si kosa kwa urembo, lakini mteja anayetaka tasbihi ya kusalia ataihesabu kabla ya kulipa.

Shanga kubwa iliyo peke yake karibu na kifundo huitwa shanga ya guru, yaani mwalimu. Haihesabiwi. Anayesali akiifikia haivuki, bali huigeuza tasbihi na kuanza kurudi alikotoka. Fundi anayeunga upya tasbihi iliyokatika akaichanganya shanga hiyo katikati ya nyingine atakuwa ameiharibu, hata kama uzi wake ni imara.

Si Wabudha wote wanaotumia tasbihi kwa kiwango kimoja. Tibet, China na Japani hutumika sana, na Myanmar pia zipo. Sri Lanka na Thailand haziko mbele kiasi hicho. Huku kwetu Wabudha ni wachache, lakini wapo. Dar es Salaam kuna hekalu eneo la Upanga lililotokana na jamii ya Wasinhala waliotoka Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 20. Karibu na Entebbe kuna Kituo cha Wabudha cha Uganda, kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita.

Jina moja, mbegu tofauti

Kosa la kawaida la mnunuzi wa jumla ni kuamini jina. Bidhaa inayouzwa sana huitwa mbegu za bodhi, kwa heshima ya mti ambao Budha alikaa chini yake huko Bodh Gaya, India, alipopata mwanga. Mti huo ni jamii ya mkuyu, na matunda yake ni madogo. Mbegu zake ni ndogo mno kiasi kwamba haziwezi kutobolewa na kutungwa. Kwa hiyo zinazouzwa kwa jina hilo hutoka kwenye miti mingine kabisa.

Zile nyeupe zenye vidoa vidogo na tundu moja la mviringo, ambazo Wachina huzifananisha na nyota na mwezi, ni mbegu za mmea unaotambaa wa jamii ya mitende, ule unaotoa fito za kusukia viti. Mbegu za bei kubwa zaidi hutoka wilaya ya Kavrepalanchok, mashariki ya Kathmandu nchini Nepal, ambako wanunuzi wa China walipandisha bei mpaka wakulima wakawa wanalinda miti yao usiku na mchana. Rudraksha, mbegu ya kahawia yenye makunyanzi, hupatikana Nepal na Indonesia, na huthaminiwa kwa idadi ya mistari inayoigawa. Yenye mistari mitano ndiyo ya kawaida. Anayeuziwa kwa bei ya juu kwa madai kuwa ni adimu aihesabu mwenyewe.

Ipo pia mbegu nyekundu yenye doa jeusi, inayoota hata kwetu na kujulikana kama turituri. Jina lake la kisayansi, Abrus precatorius, linatokana na neno la Kilatini linalohusu kuomba, kwa sababu tangu zamani ilitungwa kwenye tasbihi za dini mbalimbali. Ndani yake mna sumu kali. Ikiwa imetobolewa au kupasuka, mtoto akiitafuna inaweza kumuua. Bangili ya mbegu hii haifai kabisa kuuzwa kama kitu cha watoto.

Kwa upande wa vito, kaharabu bandia ni nyingi. Kaharabu halisi ni nyepesi, huwa na uvuguvugu mkononi tofauti na kioo, na huelea kwenye maji yaliyokolezwa chumvi, wakati kioo na plastiki nyingi huzama. Kipimo hicho hakitoshi peke yake, lakini huondoa bandia nyingi kabla fedha haijatoka mfukoni.

Pembe, magogo na mahakama

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Kwa muda mrefu sanamu za Budha, bangili na shanga za tasbihi zilichongwa kwa pembe za ndovu, na ndovu wa Afrika Mashariki walilipa gharama hiyo. Mwaka 1989 nchi wanachama wa mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, zilipiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu. China, iliyokuwa soko kubwa, ilifunga soko lake la ndani mwishoni mwa mwaka 2017. Kenya iliteketeza tani 105 za pembe jijini Nairobi tarehe 30 Aprili 2016, na sheria yake ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka adhabu inayofika kifungo cha maisha kwa makosa yanayohusu wanyama walio hatarini kutoweka.

Shanga moja ya pembe ni pembe. Kwamba ni ndogo, ni ya zamani au ni kitu cha dini si utetezi wa kutegemea mbele ya ofisa wa forodha. Vivyo hivyo kwa mapambo ya magamba ya ng'amba, kasa ambaye biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku.

Mbao nazo zina masharti yake. Mpingo upo katika orodha ya pili ya CITES tangu Januari 2017, pamoja na jamii yake yote ya Dalbergia. Orodha hiyo haikatazi biashara, bali inadai kibali. Mwaka 2019 masharti yalilegezwa, hivyo bidhaa zilizokamilika zenye mbao hiyo isiyozidi kilo 10 kwa shehena moja hazihitaji kibali cha CITES. Mchongaji wa Tanzania anayetengeneza shanga za mpingo ana nafasi hapo. Anayebeba gogo hana.

Mkula, ambao sehemu za Tanzania huitwa mkurungu, uliingizwa kwenye orodha hiyo mwaka 2019, baada ya magogo yake kukatwa kwa kasi Zambia na Kongo kwa ajili ya soko la Asia linalopenda mbao nyekundu. Mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kuongeza jamii yote ya Pterocarpus ya Afrika, mninga ukiwemo.

Msandali wa Afrika Mashariki, wenye jina la kisayansi Osyris lanceolata, usichanganywe na msandali wa India ambao ndio wa asili katika tasbihi. Huu wa kwetu hung'olewa na mizizi yake kwa ajili ya mafuta. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 ule wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Ethiopia uliingizwa kwenye orodha ya pili ya CITES. Anayeombwa kusafirisha magunia ya vipande vyake kwa maelezo kuwa vinakwenda kutengenezewa shanga aombe kwanza aonyeshwe kibali.

Cheti cha asili hakifuniki kila kitu

Wafanyabiashara wadogo wamezoea Cheti Rahisi cha Asili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachotumika kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya. Bangili zilizotengenezwa China hazigeuki kuwa za Uganda kwa sababu zimenunuliwa Kampala. Zinapovuka, ankara na hati za ushuru uliolipwa ndizo zinazomlinda mwenye mzigo. Kwa kuwa shanga za mbegu ni mazao ya mimea, ni busara kuulizia masharti ya ukaguzi wa afya ya mimea kabla ya kuagiza, si baada ya mzigo kufika.

Anayesafiri Asia kununua mzigo ajihadhari pia na sura ya Budha. Machi 2015 mahakama ya Yangon, Myanmar, iliwafunga watu watatu wa baa moja miaka miwili na nusu kwa tangazo lililomwonyesha Budha akiwa amevaa vipokea sauti masikioni. Mwaka 2014 Sri Lanka ilimfukuza mtalii Mwingereza aliyekuwa na mchoro wa Budha mkononi, ingawa baadaye mahakama ilimpa fidia. Thailand inadai kibali kwa sanamu za Budha zinazotolewa nchini. Kwa Wabudha wengi, sura hiyo kuwekwa kwenye viatu, nguo za ndani au mkeka ni matusi.

Utunzaji

Heshima na utunzaji huenda pamoja. Mwenye tasbihi haiweki sakafuni, hairuki, na wengi huivua wanapoingia msalani. Huhifadhiwa kwenye kifuko chake. Japani kila mtu huwa na yake, na huenda nayo msibani.

Shanga za mbao na mbegu hazilowekwi wala kuoshwa kwa sabuni. Hufutwa kwa kitambaa laini kikavu, na mafuta ya mkono huzing'arisha kadiri siku zinavyopita. Jua kali huzipasua. Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar, unyevu huleta ukungu na wadudu, hivyo ghala liwe kavu na kila mfuko uwekewe kifuko cha kufyonza unyevu.

Feruzi hunyonya mafuta na manukato na kubadilika rangi. Marijani huliwa na siki, limau na jasho. Kaharabu ni laini na huharibiwa na spiriti, kwa hiyo manukato yapakwe kwanza, mkufu uvaliwe mwisho. Vito vigumu kama akiki visichanganywe na kaharabu kwenye mfuko mmoja, kwani huikwaruza.

Uzi ndio hufa kwanza. Ukianza kutoa nyuzinyuzi au mpira ukilegea, utungwe upya kabla haujakatika. Muuzaji anayetoa huduma hiyo, akaandika kwenye kifuko shanga ni za nini na zimetoka wapi, na akakiri pale ambapo ni plastiki, atauza taratibu kuliko jirani yake anayeuza bahati. Lakini mteja wake hatarudi akidai fedha, wala ofisa wa forodha hatakuwa na swali asiloweza kulijibu.