Selimundu: Usiache vidonge ukisubiri tiba ya vinasaba

Wazazi wengi huniuliza kliniki: “Daktari, tumesikia selimundu sasa inatibika. Mtoto aendelee na vidonge vya nini?”

Ni kweli, mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha Casgevy kwa wagonjwa wa miaka 12 na zaidi. Hurekebisha vinasaba vya seli za uboho wa mgonjwa mwenyewe, ili mwili utengeneze himoglobini ya utotoni inayozuia seli nyekundu kujikunja. Lakini kwanza mgonjwa hupewa kemotherapia kali na hulazwa wiki kadhaa. Nchini Marekani bei yake ni dola milioni 2.2.

Vidonge vya haidroksiyurea huongeza himoglobini hiyohiyo. Utafiti wa REACH, uliochapishwa 2018, uliwapa dawa hii watoto 606 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda. Maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vilipungua. Humezwa kila siku, na damu hupimwa mara kwa mara ili kurekebisha dozi.

Dawa mpya si lazima iwe bora. Oxbryta, iliyoidhinishwa Marekani 2019, iliondolewa sokoni 2024 kwa sababu za usalama.

Ukiombwa mtoto aingie kwenye majaribio ya dawa, uliza: Kibali cha maadili kipo? Akidhurika, nani atamtibu? Tukijitoa, ataendelea kupata matibabu ya kawaida? Usisaini kabla hujajibiwa, na usiache vidonge bila kuzungumza na daktari wake.