Kwa nini betri za sola hufa mapema?

Siku hizi katika vijiji vya Mkoa wa Katavi paneli za sola zimeenea. Utaziona juu ya paa huko Mishamo, Mwese na Majimoto. Wafuga nyuki wa Inyonga, wanaokaa kambini porini wiki kadhaa, hubeba paneli ndogo za kuchajia simu na tochi. Wavuvi wa dagaa wa Ikola na Karema nao, badala ya karabai, wengi wanatumia taa za betri.

Jambo hili ni zuri, lakini malalamiko yapo. Mtu anauza tumbaku au mpunga, ananunua betri, na mwaka haujaisha betri imekufa. Basi anasema sola ni utapeli. Sisi tunaona kwamba mara nyingi jua halina kosa. Hesabu haikufanywa.

Hebu tutazame magari ya watalii yanayopita Sitalike kwenda Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Mengine yana kitanda na jiko ndani, na paneli juu ya paa. Wenyewe hulala porini siku nyingi bila TANESCO, na friji yao inagandisha. Wanawezaje? Gari la namna hiyo huwa na betri mbili. Moja ni ya kuwashia injini tu. Ya pili ni ya taa na friji, nayo ni ya aina nyingine.

Hapo ndipo wengi wetu tunapotea. Betri ya kawaida ya gari imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa nukta chache, injini iwake, halafu ichajiwe tena papo hapo. Bamba zake za risasi ni nyembamba. Ukiitumia kuwasha taa na televisheni mpaka iishe kabisa, kila usiku, bamba zinaharibika. Betri ya sola ina bamba nene zaidi. Hata hiyo, kama ni ya risasi, usitumie zaidi ya nusu ya umeme uliomo. Betri za lithiamu huvumilia kutumiwa hadi asilimia 80 na hudumu miaka mingi zaidi, ila bei yake kubwa.

Sasa tufanye hesabu. Chukua karatasi na kalamu. Nyumba ina taa 3 za wati 5, zinawaka saa 4: 3 mara 5 mara 4 ni 60. Redio ya wati 5 kwa saa 6 ni 30. Kuchaji simu, tuseme 40. Televisheni ndogo ya wati 30 kwa saa 3 ni 90. Jumla ni 220 kwa siku. Betri ni ya volti 12, kwa hiyo 220 gawanya kwa 12 ni kama 18. Hizo ni ampea-saa, ndiyo namba iliyoandikwa "Ah" ubavuni mwa betri. Kwa siku mbili za mawingu zidisha mara 2, ni 36. Na kwa kuwa tunatumia nusu tu, zidisha tena mara 2: ni 72. Basi nunua betri ya 75 au 100. Mwenye kununua ya 40 kwa kazi hiyo ataiua mwenyewe.

Paneli ya wati 100 itatosha kuijaza. Lakini angalia ukubwa wake. Paneli ya kweli ya wati 100 ni karibu meta 1 kwa nusu meta, au zaidi kidogo. Ukiuziwa kipaneli kama daftari kimeandikwa wati 200, bwana, rudisha.

Kontrola usiiache eti kupunguza gharama. Ndiyo inayozuia betri isijae kupita kiasi wala isiishe kabisa. Paneli iinamishe kidogo kuelekea kaskazini, kwa sababu sisi tuko kusini ya ikweta, na mvua ipate kuisafisha. Kiangazi vumbi na masizi ya moto wa porini hujaa juu yake. Ifute kwa kitambaa chenye maji. Kivuli cha tawi moja la mwembe hupunguza umeme mwingi, si kidogo kama tunavyodhani.

Betri yenye vifuniko iongezwe maji ya betri yaliyosafishwa, si ya kisimani, wala asidi. Ikichajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka, basi isikae chumba cha kulala wala karibu na jiko. Iliyokufa msiipasue kutoa risasi ya kuzamishia nyavu. Risasi ni sumu, na watoto ndio inaowadhuru zaidi. Irudisheni kwa wanunuzi wa betri chakavu ikiwa nzima.