Uvimbe wa kizazi na mganga aliye mbali

Twawajua mama wengi wanaoteswa na uvimbe wa kizazi uitwao fibroidi. Karibu kila mara uvimbe huu si kansa; lakini huweza kuleta damu nyingi kila mwezi, hata mama akadhoofika. Wengi hunyamaza kwa kuogopa kisu.

Basi tujue ya kuwa kisu si njia pekee. Mwaka 2004 serikali ya Marekani iliruhusu mashine inayokusanya mawimbi ya sauti mahali pamoja tumboni. Joto lake huunguza uvimbe, wala ngozi haipasuliwi. Lakini mashine hizo ni chache, tena hazifai kila uvimbe.

Hapo ndipo simu inapotufaa. Mama hupimwa hospitali ya karibu, picha zake hupelekwa kwa mganga bingwa, kisha wawili hao huonana katika kioo cha simu. Huyo humweleza kama matibabu hayo yamfaa, kabla hajatumia fedha kwa safari ndefu. Akisha kutibiwa, huulizwa hali yake vivyo hivyo.

Walakini simu haigusi tumbo. Mama atokwaye na damu nyingi na kushikwa na kizunguzungu asingoje simu. Apelekwe hospitali mara moja. Nanyi waume, msiwaache wake zenu wateseke kimya.