Kurusha Mkuki: Mitindo Hubadilika, Kiwiko Ni Kile Kile

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunazungumzia michezo. Huenda wengine mtashangaa: mkuki na hospitali vinahusianaje? Vinahusiana sana. Kila msimu wa michezo ya shule unapofika, sisi wauguzi hupokea vijana walioshika kiwiko au bega, nao husema, "Nilikuwa narusha mkuki."

Hapa kwetu Ugogo mkuki si kitu kigeni. Mchungaji huutembeza porini kulinda mifugo. Lakini mkuki wa mashindano ni jambo jingine: hurushwa kwa nguvu zote za mwili, mara nyingi mfululizo, ili uende mbali tu.

Mitindo ilivyobadilika

Mwaka 1956 Wahispania, akiwemo Félix Erausquin, walianza kuurusha kwa kuzunguka kama mrusha kisahani. Mkuki ulikwenda mbali mno, lakini hakuna aliyejua ungeangukia wapi. Mtindo huo ulipigwa marufuku mwaka huo huo. Tangu hapo sheria inataka mkuki urushwe juu ya bega, na mrushaji asigeuke kabisa akaupa mgongo upande anaourushia.

Mwaka 1984 Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki alirusha mita 104.80. Viwanja vilianza kuwa vifupi! Kwa hiyo mwaka 1986 mkuki wa wanaume ulitengenezwa upya: uzito wake ulisogezwa mbele kwa sentimita 4 ili ncha ishuke mapema. Mkuki wa wanawake ulifuata mwaka 1999. Mkuki wa zamani ulimpendelea aliyejua kuuelekeza upae. Huu mpya humtaka mwenye kasi na nguvu. Jan Železný wa Jamhuri ya Cheki aliuweza kuliko wote, kwani mwaka 1996 alirusha mita 98.48, rekodi ambayo bado inasimama.

Jirani yetu Julius Yego, askari polisi kutoka Nandi, Kenya, hakuwa na mwalimu wa mkuki alipoanza. Alitazama picha za video za Železný na za Andreas Thorkildsen wa Norway kwenye intaneti, akaiga. Baadaye alipata mafunzo Ufini. Mwaka 2015 huko Beijing akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72. Mtindo wake ni wa kujitupa mbele hadi kuanguka chini kwa mikono. Mwaka 2016 huko Rio alipata medali ya fedha kwa mita 88.24, lakini aliumia kifundo cha mguu akashindwa kumaliza mashindano. Hata hivyo alitunzwa akapona, na huko Paris mwaka 2024 alishika nafasi ya tano.

Michezo mingine nayo imebadilika hivyo hivyo. Katika boulingi, ule mchezo wa kuviringisha tufe zito kuangusha pini kumi, kwa miaka mingi tufe lilirushwa kwa mkono mmoja, kidole gumba kikiwa ndani ya tundu. Kisha akaja Jason Belmonte wa Australia, anayetumia mikono miwili bila kutia kidole gumba. Walimcheka, leo vijana wengi wanamwiga.

Mwili unasemaje?

Nguvu ya mrusho haitoki mkononi. Huanzia miguuni, ikapanda nyonga, kiuno, kifua, bega, ndipo ikafika kwenye kiwiko. Kiungo kimoja kikilegea, kinachofuata hubeba mzigo wake. Kijana anayerusha kwa mkono mtupu, kiwiko kikiwa kimeshuka chini ya bega, huivuta kano iliyo upande wa ndani wa kiwiko. Kano hiyo ikivutwa kila siku huchanika kidogo kidogo.

Kwa watoto hatari ni kubwa zaidi. Mifupa yao ina sehemu laini karibu na maungio, ambapo ndipo inaporefukia. Sehemu hizo hufunga kati ya miaka 14 na 18 hivi. Zikiumizwa, mkono unaweza kupinda au kushindwa kunyooka. Mkono huo ndio wa kushika jembe, kupogoa mizabibu na kuandika darasani.

Ushauri kwa wazazi na walimu

1. Mtoto apashe mwili joto kwanza, kisha aanze kwa mirusho ya polepole.

2. Mkuki ulingane na umri. Wanaume wazima hurusha gramu 800 na wanawake 600. Wavulana walio chini ya miaka 18 hutumia gramu 700, wasichana 500. Walio wadogo zaidi waanze na mpira.

3. Asirushe kwa nguvu zote kila siku. Mkono unahitaji siku za kupumzika.

4. Akisema anaumwa, aache. Msimwambie ajikaze.

5. Akiumia, mkono upumzishwe na ukandwe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya mtungini, dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Siku mbili za kwanza asikandwe kwa maji ya moto, asichuliwe, wala mkono usivutwe.

6. Mleteni hospitali upesi kama kiwiko kimevimba sana, hakinyooki, kilitoa mlio wakati wa kurusha, au kidole cha mwisho kinakufa ganzi. Ganzi hiyo ni dalili kwamba mshipa wa fahamu umeguswa.

7. Uwanjani mtu yeyote asisimame mbele ya mrushaji. Kuokota mikuki ni kwa kutembea, si kwa kukimbia, kwa maana mkuki uliochomeka ardhini nao hujeruhi. Na ikitokea mkuki umemchoma mtu, MSIUCHOMOE! Uzuieni usitikisike, zungushieni vitambaa safi, mkimbizeni hospitali. Atahitaji pia sindano ya pepopunda.

Wazazi, msiwakataze watoto michezo. Kijana wa Nandi alijifunza kwa kutazama, na wa kwetu anaweza pia. Lakini mwigaji huona mrusho tu. Haoni miaka ya mazoezi ya miguu na kiuno iliyoutangulia. Basi mtoto wako akirudi kutoka uwanjani leo jioni, mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele yako. Kama mmoja haufiki ulipofika mwenzake, usingoje msimu uishe.